Kioo kipya cha mbele kwenye gari la zamani: uzibe kwa mpira, butili au gundi?

Gari la zamani likivunjika kioo cha mbele, kazi ya kwanza ni kukipata kioo chenyewe. Kikishapatikana ndipo ubishi unapoanza: kinafungwa na nini ili maji yasipite? Fundi mmoja atakwambia mpira mpya unatosha. Wa pili atasema bila dawa ndani ya mpira, gari litalia mvua ya kwanza tu. Wa tatu anashika bunduki ya gundi na kukueleza kwamba mipira ni mambo ya kale. Kila mmoja ana gari lililomtoka safi kwa njia yake, na kila mmoja ana lililomrudia kapeti likiwa limelowa, ingawa hilo la pili halitaji.

Hapa nalinganisha njia nne: mpira mtupu, mpira wenye dawa ya kujazia, utepe wa butili, na gundi ya poliurethani. Silikoni nimeitenga mwishoni, kwa sababu ina watetezi wengi kuliko inavyostahili.

## Kabla ya kuchagua: una hakika ni kioo?

Maji yaliyotuama miguuni pa abiria hayasemi yameingilia wapi. Chini ya wipa, nyuma ya boneti, kuna mfereji wenye matundu ya kutolea maji. Majani makavu yakiyaziba, maji hupanda na kuingia ndani kupitia njia ya hewa ya feni. Mshono wa paa ukipasuka, maji hushuka ndani ya nguzo ya kioo na kutokea chini ya dashibodi. Ule utando wa plastiki ulio nyuma ya kava la mlango nao ukichanika hulowesha kapeti vilevile.

Kupima ni kazi ya watu wawili. Mmoja akae ndani na tochi, sehemu ya chini ya dashibodi ikiwa wazi kadiri inavyowezekana. Mwingine amwage maji kwa bomba la bustani, bila shinikizo, akianzia ukingo wa chini wa kioo. Akae hapo dakika mbili tatu, kisha apande ubavuni, na juu amalizie. Ukianzia juu umeharibu kipimo, kwa kuwa maji yanashuka yakilowesha kila kona na huwezi tena kujua ni ipi iliyopitisha. Mashine ya kuoshea magari usiilete kabisa. Shinikizo lake hupenya hata mpira mzima, likakuonyesha uvujaji ambao mvua isingeuleta.

Njia nyingine ni ya hewa. Funga milango na vioo vyote, washa feni hadi mwisho ikivuta hewa ya nje, kisha paka maji ya sabuni kwa brashi kuzunguka kioo upande wa nje. Palipo na upenyo patatoa mapovu madogo madogo. Napenda njia hii kwa sababu inakuonyesha tundu lenyewe, wakati maji hukuonyesha yanapotokea tu. Niliwahi kuhangaika na tone lililokuwa likidondokea pedali ya klachi. Nilifungua kona ya chini mara mbili bila kuona kitu. Mapovu yalitokea kona ya juu, karibu mita nzima kutoka pale. Maji yalikuwa yakisafiri ndani ya mtaro wa mpira kama ndani ya bomba, yanatoka pale mpira unapojikunja.

## Vigezo vya kulinganishia

Vigezo ni sita, na nimeviweka kwa uzito ninaovipa mimi.

Cha kwanza ni gari lilivyoundwa. Kwenye magari ya mpira, kama Volkswagen Beetle, Land Rover Defender au Mercedes-Benz W123, ukingo wa bati ni mdomo mwembamba uliosimama. Mpira una mitaro miwili, mmoja unameza mdomo huo na mwingine unameza kioo. Kwenye magari ya gundi na ya butili ukingo ni kama rafu bapa ambayo kioo hulala juu yake. Hayo ni maumbo mawili tofauti. Mdomo mwembamba hauna upana wa kubeba mstari wa gundi, na rafu bapa haina mahali pa mpira kushika. Kigezo hiki peke yake huondoa nusu ya machaguo kabla hujatoa hela mfukoni.

Cha pili ni hali ya ukingo wa bati: kutu, matundu, puti (kijazio cha bodi) ya zamani, mikunjo iliyoachwa na ajali. Cha tatu ni kioo kitakavyofanya gari likigonga. Cha nne ni muda na ugumu wa kazi. Cha tano ni kukitoa tena, maana gari la zamani halimalizi safari yake na kioo kimoja. Cha sita ni makosa yanayosameheka, yaani kazi ikifanyika kwa asilimia tisini tu, je, itavuja?

## Njia ya kwanza: mpira mpya mtupu

Gari linalofaa. Lile lililotoka kiwandani na mpira, basi. Mpira ukiwa sahihi, umbo lake ndilo linaloziba. Midomo yake inabana bati upande mmoja na kioo upande mwingine, na baadhi ina utepe wa kufungia unaopachikwa mwisho ili kuutanua mpira na kuukaza. Waliounda magari hayo walikusudia izibe hivyo.

Ila neno "sahihi" limebeba mzigo mzito hapo. Mtaro wa mpira hutengenezwa kwa unene fulani wa kioo. Kioo cha zamani kilichokuwa cha kipande kimoja kikibadilishwa na cha tabaka mbili zilizogandishwa kwa utando katikati, unene unaweza kutofautiana, na tofauti ya milimita moja inatosha kuuacha mdomo wa mpira ukining'inia bila kubana. Kabla ya kununua, pima kioo ukingoni, kisha upachike kipande cha mpira kwa mkono. Kikiteleza kama mguu kwenye kiatu cha kaka mkubwa, urudishe dukani.

Ukingo. Mpira husamehe kutu ya juu juu iliyosuguliwa ikapakwa rangi. Hausamehi mdomo uliopinda wala wenye matundu. Bati likiwa limekunjwa na ajali ya zamani, mpira utabana sehemu tatu na kuacha ya nne wazi.

Ajalini. Kioo cha mpira kinaweza kuchomoka chote. Mpira hukishika kwa kubana tu, wala haukiunganishi na bodi. Magari hayo hayakutegemea kioo kubeba paa, kwa hiyo hupunguzi kitu kilichokuwapo. Lakini huongezi pia.

Muda na kazi. Hakuna cha kusubiri kikauke. Mpira huvalishwa kwenye kioo kwanza. Kisha kamba laini yenye nguvu, ya unene wa milimita 4 hadi 6, huzungushwa ndani ya mtaro wa bati na ncha zake hupishanishwa katikati chini. Kioo huegeshwa mahali pake kutoka nje. Aliye ndani huvuta kamba polepole kuelekea katikati ya kioo, na mdomo wa mpira huruka juu ya bati inchi kwa inchi, huku aliye nje akipiga kioo kwa kiganja pale pale kamba ilipofika. Ukiiona mara moja huisahau: sauti ni kama ya mtu anayevua gambuti. Mpira uanikwe juani kwanza ulainike, na kilainishi kiwe maji ya sabuni. Grisi na mafuta huuvimbisha mpira na kuuharibu.

Kukitoa tena. Hapa hakuna inayoushinda. Unasukuma kioo kutoka ndani, au unakata mpira kwa kisu na kutoka na kioo kizima.

Makosa. Mpira mtupu ukiwa wa kiwango cha chini hausamehi hata kidogo. Mipira ya kunakili mara nyingi huwa na kona zisizokaa, na kona ndiko maji yanakopenda. Ukiuona mpira mpya una mkunjo konani siku ya kwanza, usingoje uzoee. Hautazoea.

## Njia ya pili: mpira pamoja na dawa ya kujazia

Mafundi wengi huiita dawa tu. Ni uji mzito mweusi usiokauka kabisa, unaobaki laini kama ubani uliotafunwa. Huingizwa kwa ncha nyembamba ya bunduki chini ya mdomo wa mpira, kwanza kati ya mpira na kioo, kisha kati ya mpira na bati.

Gari linalofaa. Lile lile la mpira, lakini ambalo miaka imelipitia. Ukingo umesuguliwa mara mbili tatu, mpira uliopatikana ni wa kunakili, au kioo kimepungua unene kidogo. Dawa hujaza nafasi ambazo umbo la mpira limeshindwa kuzijaza.

Ukingo. Inavumilia mawimbi madogo ya bati. Matundu ya kutu haiyavumilii, ingawa itayaficha kwa msimu mmoja. Hapo ndipo inapowaponza watu: inaziba vizuri kiasi kwamba kutu iliyo chini yake inaendelea kula kwa amani, hakuna anayeiona.

Ajalini. Sawa na mpira mtupu. Dawa haishikilii kioo.

Muda na kazi. Saa moja zaidi, na mikono michafu. Dawa ya ziada hutoka pembeni na kunata kwenye kila kitu. Ifute kwa kitambaa chenye spiriti nyeupe kidogo, usiache spiriti ituame kwenye mpira. Waliojifunza kwa taabu hubandika utepe wa karatasi kwenye kioo na kwenye rangi kabla ya kuanza, halafu wanaubandua ukiwa umebeba uchafu wote.

Kukitoa tena. Kazi chafu lakini inawezekana, kwa sababu dawa haigandi. Kuna mtego mmoja tu: fundi anayejaza poliurethani badala ya dawa ndani ya mpira. Haitavuja, kweli. Lakini siku ya kukitoa kioo, mpira umekuwa kitu kimoja na bati, kioo kitavunjika, na ukingo utachunika rangi. Muulize kabla hajaanza, na umwombe akuonyeshe tyubu.

Makosa. Kati ya njia zote nne hii ndiyo yenye huruma zaidi. Ukiacha pengo, unainua mdomo wa mpira wiki inayofuata na kuongeza.

Kuna wapenzi wa magari ya kale wanaoichukia dawa, wakisema mpira mzuri hauihitaji. Wana haki, wakiwa na mpira mzuri mkononi. Kwa gari ambalo mpira wake wa asili haupatikani tena, sioni aibu yoyote kutumia tyubu moja.

## Njia ya tatu: utepe wa butili

Butili ni mpira wa sintetiki unaouzwa kama kamba nyeusi inayonata, imeviringwa pamoja na karatasi isiyoshika, unene wake mara nyingi milimita 8 au 10. Hubandikwa kwenye rafu ya bati, kioo hukandamizwa juu yake, kisha urembo wa chuma hupachikwa kwa vibanio kufunika pengo. Magari mengi ya Marekani ya miaka ya 1960 na 1970 yalifungwa hivi.

Gari linalofaa. Lile lenye rafu bapa, lililotoka kiwandani na butili, lenye urembo wa chuma unaofunika ukingo. Huwezi kuipeleka kwenye gari la mpira.

Ukingo. Butili inataka bati safi, kavu, lenye rangi iliyoshika. Kutu ikiwa imeacha mashimo madogo, utepe hupita juu yake kama daraja na maji hupita chini. Vibanio vya urembo navyo vikague. Vingi vimekaa juu ya skrubu au misumari iliyochomelewa kwenye bati, na kutu huanzia hapo hapo.

Ajalini. Huu ndio udhaifu wake mkubwa. Butili inanata, haiungi. Haifikii ugumu wowote hata baada ya miaka. Marekani ina kanuni ya usalama nambari 212 inayohusu kioo cha mbele kubaki mahali pake gari likigonga kizuizi kwa kasi ya kilomita 48 kwa saa, na kadiri watengenezaji walivyotafuta ushikaji wa uhakika zaidi ndivyo poliurethani ilivyoichukua nafasi ya butili viwandani. Kwa gari la maonyesho linalotoka mara chache hilo halikunyimi usingizi. Kwa gari linalobeba watoto barabara kuu kila siku, lifikirie.

Muda na kazi. Hakuna kusubiri, gari linaondoka saa ile ile. Ila utepe haurudiwi: ukigusa kioo mahali pasipo pake, kimeshika. Joto ni rafiki na adui. Siku ya baridi butili haishiki vizuri, inabidi kuipasha. Kwenye jua kali la miaka hulainika, na kioo kizito huteleza chini taratibu. Ndiyo maana chini ya kioo lazima kuwe na vipande viwili vya mpira mgumu vya kukibeba. Fundi akikuambia havina haja, umeshapata jibu kuhusu fundi huyo.

Ncha za utepe zikutane juu ama ubavuni, usiziache zikutane chini ambako maji hutuama. Zikate kwa mshazari, zibane kwa kidole hadi mshono upotee. Nimeshaona kazi nzuri kabisa inayovuja kwa sababu ya sentimita moja tu ya mshono ulioachwa wima.

Kukitoa tena. Rahisi. Waya mwembamba au kisu chenye joto hukata butili, na kioo hutoka kizima mara nyingi.

Makosa. Kioo kikikaa, uvujaji mdogo huweza kuzibwa kutoka nje kwa dawa ile ile ya njia ya pili. Kisichosameheka ni unene. Utepe mwembamba mno haugusi kioo kila mahali, na mnene mno unakiinua kioo hadi urembo hauwezi kurudi.

## Njia ya nne: gundi ya poliurethani

Magari ya sasa yamefungwa hivi karibu yote. Gundi hutoka nzito, na hukauka kwa kunywa unyevu wa hewani hadi kuwa mpira mgumu unaounga kioo na bodi kuwa kitu kimoja.

Gari linalofaa. Lililoundwa kwa gundi, bila mjadala. Pia lile lililoundwa kwa butili, ambalo mwenyewe anataka ushikaji imara zaidi, kwa sharti kwamba butili yote iondolewe. Poliurethani haishiki juu ya mabaki ya butili. Gari la mpira lisilazimishwe.

Kuna jambo la vioo vya zamani ambalo husahaulika. Poliurethani huharibiwa na mwanga wa jua. Vioo vilivyoundwa kwa gundi vina ukanda mweusi uliochomwa kuzunguka ukingo, na kazi yake mojawapo ni kuikinga gundi. Kioo cha gari la zamani mara nyingi hakina ukanda huo. Ukikibandika hivyo hivyo, jua litaila gundi kupitia kioo, na uvujaji utakuja baada ya miaka, umeshasahau hata nani alikibandika. Suluhisho ni praima (kipako cha awali cha kuishikisha gundi) nyeusi ya kioo inayozuia mwanga, au urembo unaofunika mstari wote wa gundi.

Ukingo. Hapa hakuna huruma. Gundi hushika chochote ilichokuta, na ikikuta kutu itaishika kutu, lakini kutu yenyewe haijashika bati. Gari likitikisika, vinabanduka vyote pamoja. Kutu isuguliwe hadi chuma king'ae, ipakwe praima inayokubaliana na gundi hiyo. Puti chini ya gundi ni kosa. Rangi mbichi ni kosa pia, kwa sababu gundi haiwezi kuwa na nguvu kuliko rangi iliyo chini yake. Gari likitoka kupakwa rangi, ukingo ule uwe uliachwa umezibwa kwa utepe wa karatasi usiguswe.

Kama gari lilishafungwa kwa poliurethani na gundi ya zamani bado imeshika vizuri, haiondolewi yote. Hupunguzwa kwa kisu hadi ibaki tabaka la milimita moja au mbili, na mpya hulala juu yake. Mmiliki asiyejua hili hudhani fundi ni mvivu, kumbe hiyo ndiyo kazi sahihi: gundi mpya haikuti kitu inachokishika vizuri kuliko gundi ya zamani iliyokatwa hapo hapo.

Ajalini. Inazishinda zote. Kioo kilichoungwa husaidia kulishikilia paa gari likipinduka, na kwenye magari yenye mfuko wa hewa wa abiria, mfuko huo huweza kuegemea kioo unapofumuka. Kama gari lako la "zamani" ni la miaka ya 1990 na lina mfuko wa hewa, ulinganisho umeishia hapa. Ni poliurethani.

Muda na kazi. Kioo husafishwa, hupakwa praima, na gundi hutolewa kwa ncha iliyokatwa umbo la V ili mstari usimame kama paa la nyumba, kimo cha sentimita moja na kidogo. Kioo kiwekwe ndani ya dakika chache kabla gundi haijaota ngozi. Baada ya hapo ni kusubiri. Kuna gundi zinazoruhusu gari kuondoka baada ya saa moja, na kuna zinazotaka siku nzima. Muda umeandikwa kwenye tyubu, na hurefuka hewa ikiwa baridi au kavu. Tarehe ya mwisho wa matumizi nayo imeandikwa hapo, isome. Siku ya kwanza acha kioo cha mlango wazi kidogo: mlango ukibamizwa gari likiwa limefungwa kabisa, hewa inayobanwa ndani hukisukuma kioo kibichi kwa nje na kufungua njia ya maji usiyoiona.

Kukitoa tena. Ni vigumu. Kunahitaji waya maalumu au kisu cha mashine, na kioo cha zamani kisichopatikana tena kina hatari ya kuvunjika.

Makosa. Pengo dogo kwenye mstari linaweza kuzibwa kutoka nje kwa gundi ile ile. Ushikaji mbaya hauzibiki. Kioo kinatolewa na kazi inaanza upya.

## Na silikoni je?

Silikoni ya kawaida ya bafuni, ile inayonuka siki, hutoa tindikali inapokauka. Tindikali hiyo huchokoza kutu kwenye bati na inaweza kuushambulia ukingo wa utando ulio ndani ya kioo cha tabaka mbili, ukaanza kuonyesha weupe. Baya zaidi ni mabaki yake: rangi haishiki juu yake, gundi haishiki, dawa haishiki.

Niliwahi kununua pikapu iliyokuwa imezibwa hivyo kuzunguka kioo chote, nene kama sukari ya keki. Haikuvuja kwa miezi kadhaa. Ilipoanza, nilitumia wikendi mbili kukwangua kwa wembe na spiriti kabla ya kulifikia bati. Kona mbili za chini zilikuwa zimebaki karatasi, nikizibonyeza kwa kidole zinaingia.

Ipo silikoni nyepesi, isiyo ya siki, inayotiririka kama maji ya gundi na kujipenyeza kwenye ufa mwembamba. Kwa upenyo mmoja mdogo kwenye mpira ambao bado ni mzima, hiyo inafanya kazi. Ichukulie kama plasta kwenye kidonda, na usiipake mahali utakapotaka kubandika kwa poliurethani baadaye.

## Uchague ipi, kwa hali yako

Gari ni la mpira, ukingo ni mzima, na umepata mpira wa asili au wa kunakili unaokaa vizuri konani: funga mtupu kwanza. Upime kwa maji. Ukivuja sehemu moja, ongeza dawa hapo. Kuanza mkavu kunakuonyesha kama mpira wako ni mzuri, jambo ambalo dawa ingelificha.

Gari ni la mpira lakini mpira uliopatikana ni mmoja tu na si mzuri sana, au unapita barabara mbovu zinazolipinda bodi kila siku: mpira na dawa tangu mwanzo. Dawa, kwa kuwa ni laini, hufuata bodi inapojipinda.

Gari lilikuwa la butili, unalitunza lilivyotoka kiwandani, na halisafiri mwendo mrefu: butili tena, na vipande viwili vya kubebea chini. Kama ni gari la kazi au la familia, toa butili yote, usafishe mara mbili, nenda kwa poliurethani.

Gari ni la gundi, ukingo mzuri: poliurethani, na umpe fundi muda anaoutaka. Ukiwa na safari jioni hiyo hiyo, ahirisha safari au ahirisha kioo.

Ukingo una matundu ya kutu: hakuna njia kati ya hizi nne inayokufaa leo. Anza kwa fundi bodi. Akate bati bovu, achomelee jipya, akuachie ukingo mkavu wenye praima, ndipo urudi kwenye swali la mpira au gundi. Mvua ikiwa imekaribia na kazi ya bodi haiwezekani mwezi huu, kioo kibaki kilipo, bandika utepe imara wa nje juu ya sehemu inayovuja, ondoa kapeti ili sakafu ikauke, na tafuta lilipo boksi la fyuzi uhakikishe matone hayaangukii hapo.